Risasi Safi Hula Nta Kwanza

Msomaji mpenzi, chukua neno moja tu la lugha yetu, neno risasi, uliweke kiganjani ulitazame. Mvuvi wa Mtwapa akikwambia anatafuta risasi hana ugomvi na mtu. Ataka madini ya kutengenezea chubwi la mshipi wake. Askari akilitaja neno hilo hilo, utaangalia mlango uko wapi. Waarabu waliotupa neno hili nao wamo katika hali hiyo hiyo: kwao madini na kile kitokacho mtutuni ni jina moja. Hata kalibu, lile umbo la kumiminia madini yaliyoyeyuka, tumelipata huko huko, na wajuzi wa lugha wanasema Wazungu nao walilichukua neno hilo kwa Waarabu wakalifanya kipimo cha upana wa mtutu wa bunduki. Maneno nayo husafiri kama bidhaa, na mara nyingi katika jahazi moja nazo.

Mimi niliijua risasi ya chubwi kabla sijaijua ile nyingine. Ami yangu alikuwa mvuvi, na kila zilipokaribia siku za bahari kutulia alikuwa akikaa uani na seredani, kopo kuukuu la chuma, na kalibu zake za udongo uliochomwa ukakauka kabisa. Sisi watoto tulikaa mbali, kwenye ngazi. Masharti yake yalikuwa mawili: asikaribie mtu aliyelowa, na asiguse mtu kipande chake cha nta. Nta ile ilinishangaza sana. Nilidhani ni dawa, au ni mambo ya wazee. Risasi ilikuwa imekwisha yeyuka, ina utando wa kijivu juu kama uji uliopoa. Ami akaitupia nta kiasi cha kokwa ya tende, moshi ukapaa, ukashika moto, akakoroga kwa kijiko cha chuma, na mara utando ule haupo. Chini yake palikuwa na kioo. Niliuona uso wake umo ndani ya kopo.

Nilikuwa nimesahau mambo hayo yote mpaka safari iliponipeleka Bungoma na Kitale, bara ya mbali ambako bahari ni hadithi, nikaiona nta ile ile ikifanya kazi ile ile. Basi nimeona niyaandike, kwani katika kopo lile mna historia yetu sisi watu wa pwani zaidi ya tunavyopenda kukumbuka.

Tuanze na Webuye. Mji huu ulioko katika wilaya za zamani za Bungoma, ambao Wazungu waliuita Broderick Falls kwa ajili ya maporomoko ya mto Nzoia, umeegemea kilima. Juu ya kilima hicho ndiko Chetambe. Ukipanda huko leo utakuta mashamba, mawe makubwa, na mahali ambapo ardhi imeinama kama handaki lililojaa nyasi. Hilo ndilo lililosalia la boma. Mzee aliyetupeleka alinitazama kofia yangu, akacheka, akaniuliza, "Nyinyi watu wa pwani, mmerudi na bunduki au mmerudi mikono mitupu?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, nimekuja na kalamu."

"Afadhali," akasema, "ingawa nayo ilituandikia mengi."

Mzee yule hakuwa akitania tu. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa na Pangani ilifika mpaka nchi hii kutafuta pembe. Kituo chao kikubwa kilikuwa kwa Wawanga, mahali palipokuja kuitwa Mumias kwa jina la Nabongo Mumia, aliyetawala baada ya baba yake Shiundu. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883 alikuta Kiswahili kimemtangulia na misafara yetu inajulikana, kwa wema na kwa ubaya. Wema wake tunauona mpaka leo: misikiti ya Mumias, majina ya Kiislamu katika koo za kule, vyuo vya Kurani, na ukoo wa Kiswahili uliochanganya damu. Ubaya wake tunauacha usemwe na wengine. Thomson mwenyewe aliandika habari za vijiji vya Wabukusu, ambao siku hizo waliitwa Kitosh na wageni, jinsi vilivyoshambuliwa na watu wa misafara kulipiza kisasi. Ukifika Kitale nako, mbele ya klabu ya mji, huonyeshwa mduara wa mawe ambao inasemekana ndipo watumwa walipofungwa njiani wakielekea pwani. Wenyeji hawahitaji kitabu kulikumbuka jambo hilo.

Na pamoja na shanga, waya na nguo, misafara ile ilipeleka bunduki. Wakati ule Ulaya ilikuwa ikibadilisha silaha zake, na bunduki kuukuu zilizotupwa na majeshi yao zilikuwa zikiletwa Unguja kwa maelfu. Balozi wa Uingereza kule Unguja alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara ya Afrika kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukajaribu kuzuia biashara hiyo, lakini zilizokwisha ingia zilikwisha ingia.

Nyingi zilikuwa magobori. Vijana wa leo hawakulijua gobori, kwa hiyo tueleze kidogo. Bunduki hii hushindiliwa kwa mdomoni. Huanza kumiminwa baruti, kikafuata kidonge cha kitambaa au cha makumbi, kisha risasi yenyewe, ambayo ni tufe tu kama goroli, na vyote vikashindiliwa kwa mdeki mpaka viketi. Ile ya gumegume huwashwa kwa jiwe linalotoa cheche; ile ya fataki hupigwa nyundo ikalipuka. Ubora wake na ubovu wake ni huo huo: mwenye gobori hategemei kiwanda. Akipata baruti, risasi na kalibu, anaweza kujitengenezea tufe lake kwenye jiko la mkewe. Ndiyo maana bidhaa hizi tatu zilifuatana katika mizigo ya wapagazi. Risasi yenyewe haikuwa madini ya nchi ile. Huku kwetu Kilifi, pande za Kinangoni na Vitengeni, yamo mawe yenye risasi. Kule kwa Wabukusu mhunzi alilijua sana chuma, akafua majembe, mikuki, na kisu cha jandoni wakiitacho lukembe, na zile njuga za chuma ziitwazo chinyimba ambazo mvulana huzigonga kwenye bangili akienda kuwaita wajomba wahudhurie kutahiriwa kwake. (Mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, pita Bungoma usikie, masikio hayatapata usingizi.) Kwa watu waliozoea kumtia mhunzi heshima na hofu ya moto wake, risasi ilikuwa kama chuma cha kitoto: hailii chini ya nyundo, haiwaki nyekundu, na huyeyuka kwenye moto wa kuchemshia mboga.

Na hapa ndipo ilipo hila yake. Chuma hutaka moto unaopita nyuzi 1,500 za Selsiasi ili kiwe maji. Risasi hutaka 327 tu. Kwa kuwa ni rahisi hivyo, kila mtu hudhani anaijua.

Mtu asiyejua hufanya hivi. Huyeyusha, akauona utando wa kijivu juu, akauchota akautupa. Baada ya kitambo utando mwingine unajifanya, akauchota tena. Akifika mwisho, robo ya mali yake iko majivuni. Anadhani ametupa uchafu, kumbe ametupa risasi. Utando ule sehemu kubwa si uchafu hata kidogo, bali ni risasi yenyewe iliyoungana na hewa, kama kutu ilivyo ni chuma kilichoungana na hewa na maji. Na ikiwa ndani ya risasi mna bati kidogo, basi bati ndilo huliwa kwanza, na risasi iliyobaki huwa nzito kumiminika, haijazi pembe za kalibu.

Anayejua hutenganisha mambo mawili. Uchafu wa kweli, yaani mchanga, rangi na vibanio vya chuma, wote huelea wenyewe, kwa sababu risasi ni nzito mno: ujazo wa lita moja ni kilo 11 na zaidi. Hata msumari wa chuma huelea juu yake kama kizibo majini. Hivyo huchotwa bila ya shida. Lakini ule utando wa kijivu haupaswi kutupwa, hurudishwa. Na dawa ya kuurudisha ni kitu chochote chenye mafuta au makaa ndani yake: nta ya nyuki, shahamu, utomvu wa miti, hata unga wa mbao uliokauka. Kinapoungua juu ya risasi, makaa yake huwa na njaa ya hewa kuliko risasi ilivyo. Huinyang'anya ile hewa iliyoungana nayo, ikaondoka ni moshi, na madini yakarudi chini kuwa madini. Mwenye kazi hukoroga wakati huo, akikwangua ubavu na sakafu ya chungu, kwani uchafu mwingine hujificha chini. Kinachosalia juu ni unga mweusi mkavu, mwepesi. Huo sasa ndio wa kuchotwa. Ikiwa uso wa risasi unametameta kama kioo, imekuwa. Ukianza kugeuka rangi ya dhahabu kisha buluu kama mafuta juu ya maji ya bandarini, moto umezidi na ni kupunguza makaa.

Yako na mengine. Kalibu ikiwa baridi, tufe hutoka na makunyanzi kama kokwa ya embe. Hivyo matufe mawili matatu ya kwanza hurudishwa chunguni bila ya kuyahurumia. Tufe lenye tundu la hewa ndani haliendi sawa, hata likiwa zuri kwa nje. Mzoefu hulitambua kwa kulipima uzito mkononi na mwenziwe. Kwa gobori hutakiwa risasi safi iliyo laini, ile ambayo ukucha huiacha alama. Zinki ikiingia, hata kidogo, kazi yote imeharibika, risasi huganda kama maziwa yaliyokatika. Na bado maji. Tone moja la maji likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla, na risasi yote huruka kama chemchemi ya moto. Ami yangu hakuwa na elimu ya skuli, lakini mtoto aliyetoka kuoga hakumkaribia.

Hata ule uzito wa tufe una hadithi. Wawindaji husema bunduki ya namba 12. Kumi na mbili gani? Ni matufe 12 ya risasi yaliyo sawa na mtutu wake, ambayo yote pamoja hutimiza ratili moja. Namba 16 ni matufe 16 kwa ratili, kwa hiyo mtutu wake ni mwembamba zaidi. Ratili ile ile ya dukani kwa siagi! Na marisaa, zile punje ndogo za kuwindia ndege, hazikumiminwa moja moja. Mwingereza mmoja wa Bristol, William Watts, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1782 kwa kumwaga risasi kupitia chujio kutoka mahali pa juu sana ili matone yajiviringe yenyewe hewani, yakaangukia ndani ya maji yakiwa tayari ni punje.

Turudi Chetambe, kwani mzee alikuwa akinisubiri nimalize kupanguza jasho.

Mwaka 1894 Wabukusu walikuwa na bunduki kadhaa mikononi, nyingine za misafara, nyingine walizouziwa na watoro. Serikali ya Waingereza, iliyokuwa na kituo Mumias chini ya Bwana Spire, ilitaka zirudishwe. Ikatuma kikosi kidogo cha askari. Wabukusu wa boma la Lumboka, ambao kiongozi wao anayetajwa sana ni Mukite wa Nameme, wakakiangamiza karibu chote. Mwaka uliofuata, 1895, C. W. Hobley aliyeshika kituo cha Mumias akaja na jeshi la kulipiza: askari wa Kisudani, Waganda chini ya Kakungulu, Wamaasai, na Wawanga wa Mumia. Walipigana kwanza Lumboka, kisha wakayafuata mabaki mpaka Chetambe ambako watu walikuwa wamekimbilia na wake zao, watoto na ng'ombe. Walikuwa na silaha ya Hotchkiss, ambayo haishindiliwi kwa mdeki wala haimngojei mtu atafute kalibu.

Fikiri, ndugu msomaji, mtu aliye ndani ya handaki na gobori. Amepiga moja. Sasa ateremshe kitako cha bunduki, amimine baruti, atie kidonge, atie tufe, ashindilie, ainue tena. Kila tufe alilo nalo limepita katika chungu cha mtu, na akiba yake yaweza kuwa ndani ya kifuko kisichojaa ngumi. Wengi hata hawakuwa na hilo. Walikuwa na mikuki na ngao za ngozi ya nyati. Na wanaokuja kutoka chini ya kilima wana risasi za kiwanda, moja sawa na nyingine, sanduku juu ya sanduku. Mzee alinionyesha mahali walipoingilia. Hakusema idadi ya waliokufa, nami sikumwuliza. Alisema tu kuwa kuna mawe ambayo bibi yake hakukaa juu yake hata akichoka vipi.

Jambo hilo halikuzikwa. Mwezi wa Septemba mwaka 1947 Elijah Masinde, mchezaji wa mpira wa zamani aliyeanzisha Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake hapo hapo Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Miezi michache baadaye, Februari 1948, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake kule Malakisi, wakafa watu 11. Kusini ya Tanganyika, mwaka 1905, watu waliambiwa kuwa maji yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Husemwa kuwa ni ujinga. Mimi nikikumbuka kopo la ami yangu naona kwamba waliotoa neno lile huenda waliwahi kuiona risasi ikiwa maji kwa macho yao. Tatizo ni kuwa ile ya Mjerumani ilikuwa imekwisha poa.

Niliposhuka kilimani nilipanda gari la Kitale. Njia hiyo hupita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, mahindi kulia na mahindi kushoto, na mlima Elgon ukikutazama kwa upande wa kushoto kama mtu mzima aliyejifunika blanketi la mawingu. Kitale yenyewe ni mji wa masetla. Reli iliufikia mwaka 1926, na mwaka huo huo Kanali Stoneham, setla aliyependa kukusanya vipepeo na ndege na vyombo vya wenyeji, alianzisha makumbusho yake. Mwaka 1974 yalifunguliwa katika jumba lake la sasa. Mtu apendaye kuona mikuki, ngao na vyombo vya makabila ya huku asiyapite.

Lakini mimi sikwenda Kitale kwa ajili ya makumbusho. Nilikuwa nikitafuta taa ya gari la mwenyeji wangu, ndipo nikaingia kwenye vibanda vya jua kali. Kijana mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la makaa. Juu yake pana sufuria iliyokatwa kutoka mtungi wa gesi kuukuu. Nikaitambua rangi ile ya kijivu hata kabla sijafika.

"Hiyo risasi?" nikamwuliza.

"Ndiyo, mzee. Naunda vichwa vya betri." Betri za gari zikizeeka vichwa vyake huliwa, naye humimina vipya. Madini yake huyapata kwa wauza vyuma chakavu: vile vipande vinavyobanwa kwenye ringi ili gurudumu lisiyumbe, mabomba ya kale, na betri zilizokufa. Nikamwuliza kama anatupa ule utando. Akanitazama kama niliyemwuliza kama anatupa chenji. Akachomoa kutoka nyuma ya jiko kipande cha nta ya nyuki, ya manjano iliyokolea, bado ina bawa la nyuki ndani. Nyuki wa mlimani. Akaitupa, moshi ukapanda, akaushika kwa kijinga ili uwake usitusumbue, akakoroga. Nikakiona kioo. Miaka hamsini na kitu ilikuwa imepita tangu ngazi za uani kwetu.

Nikamwuliza kama huwa anaombwa kumimina matufe ya bunduki. Akacheka, lakini kwa sauti ya chini. "Mzee, hiyo ni jela." Ni kweli. Kule Marekani kuna watu wengi wanaojimiminia risasi nyumbani, ikiwa ni pumbao la jioni kama sisi tuchezavyo bao. Kwetu Kenya Sheria ya Silaha, sura ya 114, haimruhusu mtu kuunda bunduki wala risasi zake bila ya leseni. Na kwa watu wa pande za mlima Elgon, walioishi katika vita vya ardhi vya mwaka 2006 mpaka 2008, baina ya wanamgambo kwa upande mmoja na jeshi la serikali kwa upande wa pili, neno hili halichezewi. Kijana yule alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Hakutaka kuyaongea, nasi tukageukia betri.

Hapa sasa, msomaji, sitaki kukuficha wasiwasi wangu. Ami yangu alikuwa akiyeyusha mara mbili tatu kwa mwaka, uani, kwenye upepo. Kijana huyu huyeyusha kila siku. Kitu chenyewe kinachoua polepole si lazima kiwe moshi; zaidi ni vumbi, ule unga mweusi mkavu unaochotwa baada ya nta. Hukaa kwenye nguo, kwenye kucha, kwenye ugali uliomegwa bila ya kunawa. Hurudi nao nyumbani. Mwilini risasi hujifanya kama chokaa, ikaingia mifupani ikakaa huko miaka. Mtu mzima huumwa na tumbo, kichwa na viungo, damu ikapungua. Mtoto huumia akili, na akili iliyoumia hivyo hairudi. Madaktari wa Shirika la Afya Duniani wanasema hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa hakina madhara. Na betri ni mbaya kuliko mabomba, kwani ndani yake mna tindikali na unga wa risasi tayari, na madini mengine ambayo majivu yake yakilowa hutoa gesi ya sumu.

Sisi wa Mombasa tusijifanye hatujui. Owino Uhuru, mtaa wa maskini karibu na Mikindani, uliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri ukutani mwake. Kilifanya kazi tangu mwaka 2007 mpaka 2014. Bibi mmoja aliyeajiriwa humo, Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga akiugua, kumbe risasi ilikuwa imempata kwa maziwa ya mama. Alipaza sauti, akakamatwa, akaendelea. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya wapigania mazingira. Wakaazi wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Baadhi ya watoto waliokuwa wakichezea vumbi lile wakati kiwanda kikiwaka sasa ni watu wazima.

Na majumbani mwetu mna jambo dogo ambalo akina mama watanisamehe nikilitaja. Wanja. Ithmidi iliyosifiwa tangu zamani ni jiwe la namna yake, lakini jiwe jeusi linalong'aa liuzwalo masokoni kwa jina la wanja wa manga mara nyingi si hilo, bali ni jiwe la risasi, lililosagwa vizuri. Kulipaka kwenye macho ya mtoto mchanga wa siku saba si jambo la kufanywa kwa mazoea tu.

Niliyasema haya kwa kijana wa Kitale, si yote, ila yale ya vumbi na ya watoto. Alisikiliza huku anamimina. Mkono wake haukutikisika. Kalibu yake ya chuma alikuwa ameipasha moto kwanza, na vichwa vya betri vikatoka laini, bila ya kunyanzi hata moja. Kisha akanionyesha kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya benchi, limejaa ule unga mweusi mpaka mdomoni.

"Hii huwa naimwaga pale," akasema, akinyoosha kidole nyuma ya kibanda. Pale palikuwa na mtaro, mgomba mmoja, na kuku watatu wakipekua. "Sasa nyinyi pwani mnaitupa wapi?"

Nikamwambia kuwa sijui. Nilimwambia pia aitie kifuniko kopo ile, aiweke kavu, na anawe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Akaita msichana wa kama miaka sita aliyekuwa amekaa kwenye gunia karibu na jiko akifanya hesabu za skuli, akamwambia ahamie kibanda cha mama muuza chai. Msichana akakusanya daftari zake kwa kinyongo, kwani huku ndiko kulikokuwa na joto.

Kabla sijaondoka alinimiminia chubwi moja, bila ya kalibu, katika tumbo la kijiko, kwa sababu nilimweleza habari za ami yangu. Alitia tundu kwa msumari. Ninayo hapa mezani ninapoandika, nimeifunga katika karatasi mbili, na nimewaambia wajukuu wasiiguse.